Sikio na Gari Lililochemsha Likikimbia

“Shangazi, kama wewe ndiye unayetengeneza magari ya watu wote, mbona kila jioni unarudi nyumbani kwa miguu?”

Aliyeuliza alikuwa binti wa kaka yake, wakati huo yuko darasa la pili, umri ambao mtu huuliza lolote na kumkazia mkubwa macho mpaka ajibiwe. Shangazi alikuwa ameketi kibarazani akisugua vidole kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga, maana grisi ya gereji haisikii sabuni nyingine. Alisugua kidole gumba kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji, kisha akasema hata miguu nayo inataka sevisi. Mtoto akacheka mpaka akasahau kwamba hajajibiwa.

Nyumbani aliitwa Shangazi, lakini kazini jina lake lilikuwa Sikio, na alilipata kwa haki. Kabla hajagusa injini ya gari hata moja, alikuwa akitengeneza cherehani za kaka yake, fundi nguo mwenye kibanda kinachotazamana na gereji. Cherehani ikianza kugonga, kaka mtu alimwita, na yeye aliinamisha kichwa, akazungusha gurudumu taratibu kwa mkono, na kabla hajalegeza skrubu yoyote alikuwa ameshasema sindano imepinda, au bobini imekaa upande. Siku moja mwenye gereji, ambaye kila mtu alimwita Bosi, alileta ovaroli lake lishonwe magotini. Nje kulikuwa na lori dogo likinguruma, linamsubiri mtu. Yule msichana, bila kuinua macho kutoka kwenye ovaroli, akasema lile lori linavuta kwa silinda tatu, ya nne imelala. Bosi akatoka nje, akasikiliza, akarudi. Alimwuliza kaka mtu kama anaweza kumwazima huyo dada yake kwa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo.

Gereji yenyewe ni banda la mabati lenye sakafu nyeusi inayonata kwenye soli za viatu. Katikati kuna shimo la kuingia chini ya gari, na ukutani zinaning’inia spana, kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, hivyo spana ikipotea ukuta unaonekana kama mdomo uliong’oka jino. Hapo ndipo Sikio alipojifunza kila kitu, na hapo ndipo alipojijengea namna yake ya kufanya kazi. Gari likiletwa hafungui boneti. Kwanza anamkalisha mwenye gari kwenye tairi kuukuu na kumhoji kama daktari anavyomhoji mgonjwa: ilianza lini, mlikuwa mnaelekea wapi, kulikuwa na mlima, mvua ilinyesha, ni nini kilichobadilika. Wengine hukereka. Mtu ameleta gari, anaulizwa habari za safari. Sikio husikiliza mpaka mwisho, ndipo achukue bisibisi ndefu, aweke ncha yake kwenye injini na mpini wake kwenye sikio, afumbe macho. Sauti hupanda kwenye chuma mpaka kichwani. Binti wa kaka yake aliwahi kujaribishwa, akasema ni kama kusikia tumbo la tembo, na hakuwa ametia chumvi.

Fundi mwingine pale gereji alikuwa Badilisha. Huyo hahoji mtu. Dawa yake kwa kila ugonjwa ni kubadilisha: plagi, pampu, waya, mpira, chochote kinachofunguka. Watu walimtania kwamba akipata mafua hubadilisha pua. Alikuwa mcheshi, mwenye mikono myepesi, na alikuwa na kitu kimoja ambacho Sikio hakuwa nacho. Alikuwa na leseni ya udereva.

Ndiyo, Sikio hakujua kuendesha gari. Tuseme alijua kila kipande cha gari, lakini vipande vikishaungana na kuanza kwenda, alikuwa abiria. Gari likitengenezwa, Badilisha alilitoa barabarani kulijaribu, na Sikio aliketi pembeni yake, bisibisi mapajani, akisikiliza. Si kwamba hakujaribu kujifunza. Mtihani wa kwanza alienda vizuri mpaka njia panda ya pili, aliposikia mkanda wa feni unalia. Akaweka gari pembeni, akashuka, akafungua boneti, na mtahini akabaki ndani ameshika kalamu. Mara ya pili alimweleza mtahini kwamba klachi inateleza, akaanza kumwonyesha inavyoteleza, akafanya hivyo mbele ya kivuko cha watoto wa shule ambao ilibidi wasubiri somo limalizike. Mtahini alimfelisha bila kusita. Wiki iliyofuata alileta gari lake mwenyewe gereji, akataka lishikwe na huyo dada wa klachi na si mwingine.

Walicheka sana, na Sikio alicheka nao. Lakini miaka ilipita, na mgongo wa Bosi ukaanza kugoma. Asubuhi aliingia shimoni chini ya gari, na kutoka akahitaji watu wawili wa kumvuta. Akatangaza kwamba mwisho wa mwezi anapumzika, na gereji itabaki mikononi mwa fundi mkuu. Kila mtu alijua moyo wake uko kwa nani. Tatizo ni kwamba fundi mkuu lazima aweze kutoa gari la mteja barabarani peke yake, kihalali, bila kumwomba mtu. Alimwita Sikio pembeni ya rundo la matairi na kumwambia waziwazi.

“Leseni, mwanangu. Ukiileta kabla sijaondoka, funguo ni zako. Usipoileta ni za Badilisha, na hapo sote tutabadilishwa.”

Mtihani ulipangwa siku chache kabla ya mwezi kwisha. Sikio akajiandikisha tena kwa Mwalimu wa udereva, mwanamume mwembamba asiyekosa tai hata kwenye jua kali, ambaye shule yake nzima ilikuwa gari moja dogo jeupe. Alilipenda gari hilo kupita kiasi. Alilifuta kila asubuhi, akalinyunyizia manukato, na wanafunzi waliingia baada ya kukung’uta viatu. Na gari hilo, wiki mbili kabla ya mtihani, likaanza kuchemsha.

Lilichemsha kwa namna ya ajabu. Uwanjani, ambako wanafunzi huzunguka pole pole kati ya matairi yaliyopakwa rangi, halikuwa na shida, hata likizungushwa mchana kutwa. Likiingia barabara kuu tu na kukimbia kidogo, mshale wa joto ulipanda kama unaitwa juu, na mvuke ukachomoza kwenye boneti. Nusu ya mtihani ilikuwa uwanjani na nusu barabara kuu. Hakuna mtahini atakayekaa ndani ya birika.

Mwalimu akalileta gereji, amekunja uso kama mtu aliyeleta mtoto hospitali. Sikio akamkalisha kwenye tairi na kumhoji. Lilianza lini? Wiki hii hii. Kulikuwa na mlima? Hapana. Nini kilichobadilika? Mwalimu akajibu kwa fahari kidogo kwamba hakuna kilichobadilika isipokuwa kwa uzuri: amepiga gari polishi, ameweka vitambaa vipya vya viti, ameliremba. Sikio hakuona kosa katika vitambaa vya viti.

Akaingia kazini. Aliacha injini ipoe kwanza, maana ukifungua mfuniko wa rejeta ya moto unaoga maji yanayochemka. Maji yalikuwa yamepungua kidogo tu. Akaongeza, akawasha injini, akasubiri, akigusa mipira miwili mikubwa inayopeleka maji na kuyarudisha. Wa juu ulipata joto, kisha wa chini, kwa mpangilio unaotakiwa. Feni ilipofika saa yake ikajiwasha yenyewe. Kwenye rejeta hapakuwa na mapovu. Kijiti cha oili kilitoka na oili nyeusi ya kawaida, haikuwa imegeuka kama chai ya maziwa, jambo ambalo lingeonyesha kuwa maji na oili vimekutana mahali pasipostahili. Akaweka bisibisi sikioni. Pampu ilikuwa inazunguka laini. Gari lilinguruma pale uani kwa muda mrefu sana na mshale wa joto ukabaki katikati, umetulia kama umelala.

Badilisha akapita akijifuta mikono. Akasema hakuna cha kukuna kichwa hapa, ni gasketi ya hedi, ile inayotenga maji na oili, imekatika; injini ifunguliwe. Sikio akamwonyesha oili. Badilisha akasema oili inaweza kudanganya. Kufungua injini yote kulimaanisha gari likae juu ya mawe mpaka mtihani upite na Bosi aondoke, na Badilisha alilijua hilo, ingawa ni haki kusema kwamba angetoa ushauri huo huo hata kwa gari la mama yake. Mwalimu aliposikia neno “kufunguliwa” alishika tai yake. Akamwomba Sikio ajaribu siku moja zaidi.

Siku ya pili mambo yakawa yale yale, na ya tatu pia. Uani, gari zima. Barabarani, birika. Sikio akaanza kupoteza usingizi. Alikuwa amezoea gari linaloumwa mbele yake. Hili lilikuwa likifika mlango wa gereji linapona. Ndipo likamjia wazo lililomchoma kidogo. Ugonjwa huu uko kwenye mwendo. Anayeutafuta lazima aufuate huko uliko, na huko ni mahali ambapo yeye, fundi mzima, hajawahi kufika akiwa ameshika usukani.

Akamwambia Mwalimu waende barabara kuu, yeye aendeshe. Mwalimu akamtazama, akatazama gari, akakaza mkanda wa kiti mpaka ukamkaba.

Walianzia uwanjani, wakatoka mjini mwendo wa kobe. Sikio alikuwa amekumbatia usukani, macho mbele, jasho jembamba likimtiririka, na lori lililokuwa nyuma likawapigia honi mpaka dereva wake akachoka mwenyewe. Mwalimu alikuwa akimtuliza kwa sauti ileile anayomtulizia kila mwanafunzi: legeza mabega, pumua, usiue klachi, haijakukosea. Akaongeza mwendo. Wakakimbia kidogo. Mshale ukainuka. Wakakimbia tena, ukapanda juu, na mara harufu ya maji ya rejeta ikaingia ndani na mvuke ukafunika kioo. Sikio akaweka gari pembeni, akazima injini, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakalegea. Hapo alikuwa nyumbani.

Hapakuwa na la kufanya ila kungoja ipoe. Sikio akashuka, akavuka mtaro, akaketi kwenye jiwe akilitazama gari usoni. Akalitazama hivyo kwa muda. Kisha akainamisha kichwa upande.

Mbele ya gari, kuanzia chini ya boneti mpaka karibu na namba, palikuwa na bango. Jipya, la bati, limepakwa rangi ya njano, na juu yake kimechorwa kigari chenye macho na tabasamu. Chini yake maneno makubwa: MWANAFUNZI ANAJIFUNZA. KAA MBALI. Sikio alikuwa amelipita kila siku uwanjani bila kuliona, kwa sababu kila siku uwanjani alikuwa akienda kwenye gari hilo kama anayekwenda kung’olewa jino.

“Mwalimu,” akasema, “hili bango, ukija gereji huwa liko wapi?”

Mwalimu akajibu kwamba huwa kwenye buti, limeviringishwa blanketi. Akaeleza kwa utaratibu kwamba kabla ya kuingia gereji husimama kona ya mwisho, akalifungua skrubu zote, kwa sababu gereji, samahani dada, ina grisi, na bango lile limechorwa na mchoraji wa maana. Akitoka hulirudisha palepale. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka, mpaka mwishoni alikuwa anaongea na tai yake.

Sikio alicheka mpaka akashika mbavu. Akamweleza. Nyuma ya bango kuna rejeta inayopoza maji ya injini, na rejeta inaishi kwa upepo. Gari likienda pole pole, feni inanyonya upepo kidogo kutoka pembeni na unatosha. Likikimbia, injini inataka upepo mwingi, na upepo wenyewe unakuja mbio kutoka mbele, unakuta bati. Unasoma “kaa mbali,” unatii.

Mwalimu hakukubali papo hapo. Alilitetea bango kama mzazi aliyeitwa shuleni. Akauliza kama haiwezekani kutoboa matundu machache, kwenye herufi labda, mahali ambapo hayataonekana. Sikio akasema matundu ya kutosha yatabakisha tabasamu peke yake. Akachukua bisibisi, akafungua skrubu, akazimimina kwenye kopo tupu la maziwa, na bango likalala kwenye buti na blanketi lake.

Injini ilipopoa akajaza maji, akageuza gari. Sasa alikuwa na kazi: kuhakikisha. Akakanyaga mafuta. Sikio lake moja kwenye injini, jicho moja barabarani na jingine likiiba mara moja moja kwenye mshale, akabadili gia bila kufikiri, akalipita lori lililokuwa mbele, akapinda kona, akaongeza tena. Mshale haukutikisika. Alikuwa anaimba kidogo puani, kama afanyavyo akiwa shimoni chini ya gari.

“Dada,” Mwalimu akasema taratibu, kwa heshima, “unajua kwamba uko gia ya nne?”

Sikio akatazama mkono wake. Akatazama barabara inavyokimbia. Mikono ikakakamaa kama kuni, na walipofika njia panda gari likarukaruka mara mbili na kuzimika katikati. Mwalimu akajilaumu kwa kufungua mdomo. Lakini Sikio hakukasirika. Alikaa pale, magari yakimzunguka na kumpigia honi, akiwa na uso wa mtu aliyesikia hitilafu mahali ambapo hakuwahi kuweka bisibisi.

Siku ya mtihani alikuja na nguo safi, na mtahini akawa yule yule wa klachi. Akaingia, akafunga mkanda, akasema anatumaini leo hawatatengeneza kitu. Uwanjani Sikio alipita kati ya matairi bila kugusa hata moja. Kisha barabara kuu. Gari lilikuwa kimya. Halikuwa na mkanda unaolia wala klachi inayoteleza, na mshale wa joto ulikuwa katikati. Ukimya huo ulimwingia Sikio kwenye viganja, vikaanza kulowa. Hakuna cha kusikiliza, hakuna cha kumshika mkono.

Mara, kwenye tuta dogo, kitu kikalia huko nyuma: cha-cha-cha. Mguu wake wa kushoto ukainuka wenyewe kuelekea klachi. Mtahini aliligundua hilo. Akauliza, bila kumtazama, kama hasikii hiyo kelele.

“Nasikia,” Sikio akasema. “Ni skrubu kwenye kopo, ndani ya buti. Si ugonjwa.”

Na mguu ukarudi mahali pake. Akaendelea. Sasa alisikiliza gari zima kama alivyosikiliza mabovu yote: matairi yanavyonong’ona na lami, upepo unavyoingia kwenye rejeta, pampu inavyozunguka laini. Kumbe na uzima una sauti yake. Akabadili gia, na ya nne alipoiingia aliijua, wala mikono haikukakamaa. Mtahini aliandika kitu, akakunja karatasi, na walipofika akamwuliza kama Jumamosi atakuwa gereji, maana gari lake lina mlio mpya.

Bosi alimkabidhi funguo mbele ya wote, amejishikilia kiuno. Badilisha alipiga makofi kuliko mtu yeyote, akasema sawa, ila ovaroli la fundi mkuu ni kuukuu, libadilishwe. Mwalimu alilipandisha bango lake juu ya paa la gari, ambako kila mtu analiona na upepo unapita chini yake, na akadai kwamba wanafunzi wameongezeka.

Jioni hiyo hiyo kulikuwa na gari la mteja la kujaribiwa. Sikio alilitoa peke yake, akalipitisha sokoni na mbele ya shule ya sekondari, akamkuta binti wa kaka yake anatoka na begi mgongoni, sasa mrefu kumpita yeye. Akasimama, akamfungulia mlango. Walikwenda mwendo mzuri, madirisha wazi, injini imetulia kabisa, na wote wawili walikuwa wanaisikiliza.

Kisha Shangazi akasema, macho yake barabarani:

“Uliwahi kuniuliza kwa nini narudi kwa miguu. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Gari bovu nalijua, najua pa kulishika. Lililokuwa linanitisha ni zima.”